Mama Zack wa Chumba Kisicho na Mwalimu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi jioni, Bi. Nyamusi Bosire atastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu hapa Shamba la Kaptilolwet kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Atakuwa ametimiza miaka sitini, na magoti yake, kama anavyosema mwenyewe, yametimiza themanini. Wengi wetu hilo jina la Nyamusi tunaliona tu kwenye orodha ya ofisi. Sisi tunamwita Mama Zack.

Kamati ya ustawi imeniomba mimi niandike, kwa sababu jiko la chekechea ninakopikia uji limepakana na chumba chake cha kazi kwa ukuta mmoja wa mbao, na kupitia mbao hizo nimesikia karibu kila kitu. Nilianza mara tatu nikaacha. Si kwamba nilikosa la kusema. Ni uchovu tu, huu ambao watu wa laini zetu za nyumba wanaujua mwaka huu, nyumba zikibaki tupu moja baada ya nyingine tangu mashine za kuchuna chai zilipokuja. Lakini mtu kama huyu hawezi kupewa blanketi na saa ya ukutani aende zake bila neno. Basi nitajaribu, na Mungu anisaidie.

Mama Zack alikuja hapa Julai 1992 kutoka Nyamira, akiwa na sanduku la bati na shangazi aliyekuwa akichuna Divisheni ya Tatu. Alipewa kikapu siku ya pili. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa, asubuhi za baridi na umande mpaka kiunoni, na wa zamani wanasema alikuwa na mikono myepesi kuliko wanawake wote wa divisheni. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hainui kichwa mpaka mvua ya mawe. Mwaka 2011 mgongo ukakataa. Akahamishiwa chekechea, na huko ndiko tulikojuana. Alifagia, aliosha watoto, aliwabeba waliolala. Sisi wengine tulipiga kelele mpaka koo likauke, yeye alikohoa mara moja tu na watoto ishirini wakanyamaza.

Mwezi wa tatu 2018 ndipo lilipokuja jambo lililomfanya ajulikane mpaka ofisi kuu. Darasa la ngumbaru, la watu wazima wasiojua kusoma, lilikuwa limekufa zamani. Mwalimu wake alipata kazi kwingine na hakuna aliyeletwa mahali pake. Kampuni na wafadhili wakalisafisha banda la zamani la kupimia chai, wakalipaka rangi ya kijani, wakaweka sola juu ya paa na kompyuta kumi na nne zenye skrini ya kugusa. Mtu anakaa, anavaa hedifoni, anaandika namba yake ya kazi, na mashine inamfundisha kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ngazi ya nne, ambapo anasoma barua nzima na kugawanya tarakimu tatu. Bila mwalimu. Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Wafadhili walitaka kuona kama mtu mzima anaweza kujifunza yeye na mashine tu. Alihitajika msimamizi wa kufungua mlango, kupangusa vumbi na kufunga. Mama Zack akapewa ufunguo, na ukutani ikabandikwa karatasi: MSIMAMIZI HARUHUSIWI KUFUNDISHA.

Yeye alisoma mpaka darasa la sita. Alisema karatasi hiyo haimsumbui, maana hana cha kufundisha. Hapo alijidanganya.

Wiki ya kwanza skrini zilikataa watu. Mtu anagusa herufi, hakuna kitu. Anagusa tena, hakuna. "Hii kitu imenikataa," mmoja akasema. "Imejua sikusoma." Watu wakaanza kurudi nyumbani na aibu. Mama Zack alitazama siku mbili, halafu akagundua kwamba yeye wa ufagio skrini inamsikia, na wao wa kikapu haiwasikii. Ni vidole. Utomvu wa chai unakausha ngozi ya ncha za vidole mpaka inakuwa kama ganda. Kesho yake akaleta kopo la mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe, akaliweka mlangoni. Kila anayeingia achovye, asugue, aingie. Skrini zikaanza kusikia. Chumba kikanuka kama zizi la maziwa, na yeye akawa anapangusa skrini kumi na nne mara nne kila alasiri, lakini watu wakarudi.

Tulicheka sana siku zile. Mtu akivaa hedifoni hajisikii anavyopaza sauti, kwa hivyo watu wazima kumi na wanne walikuwa wanaimba "ba, be, bi" kwa kelele za mnadani, na watoto wangu wa chekechea wanajibu kutoka upande huu wa ukuta. Sauti ya mashine ni ya mwanamke mpole, na watu wakaiita Madam. Ukikosa, Madam anasema, "Jaribu tena." Mzee Kepher, mchunaji wa siku nyingi, alivua hedifoni akaiweka mezani. "Huyu Madam anasema nijaribu tena mara tisa. Yeye ajaribu kuchuna kilo thelathini kwanza, halafu tuongee."

Huyo Mzee Kepher nusura apotee kabisa. Mashine iliwapangia watu viti kwa kufuata namba zao, na yeye akajikuta bega kwa bega na mke wa mwanawe. Kwa Wakisii hilo haliwezekani. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai hivyo, hata kama ni kanisani. Wote wawili wakaacha kuja bila kumwambia mtu sababu, na kompyuta ikaandika kwamba wameacha masomo kwa kukosa bidii. Mgeni angeamini. Mama Zack hakuuliza chochote. Alibadilisha tu siku zao, mmoja Jumatatu, mwingine Jumanne, na wiki hiyo hiyo walikuwa wamerudi.

Kuhusu ile karatasi ya ukutani, alijitahidi kutii. Hakufungua mdomo. Lakini alikuwa akizunguka na kitambaa chake, na akiona kidole cha mtu kinaelekea jibu lisilo sahihi, anakohoa. Kidole kinasita. Kikihamia jibu sahihi, ananyamaza. Wageni wa kwanza waliokuja kukagua walikaa alasiri moja, na katika ripoti yao wakaandika kwamba programu inaenda vizuri ila msimamizi ana shida ya kifua. Akapelekwa dispensari kupimwa. Kifua kilikuwa safi. Muuguzi alimuuliza kama anakohoa zaidi asubuhi au jioni, naye akajibu kwa ukweli kwamba anakohoa zaidi siku za hesabu.

Sasa nifike pale ambapo wengine wangependa niruke. Nilimuuliza Mama Zack mwenyewe, akasema kama sitaandika hilo basi nisiandike chochote. Na Bwana Weldon Kiptanui, afisa wetu wa wafanyakazi, amesoma haya akasema yabaki.

Kufikia mwisho wa 2022, kompyuta ilionyesha kwamba wanafunzi wote arobaini na mmoja wamemaliza ngazi ya nne. Wote. Barua ikaja kutoka ofisi kuu yenye pongezi. Wageni wangekuja tarehe kumi na tano mwezi wa tatu kutoa vyeti, na wenye cheti wangefikiriwa kwanza kwa mafunzo ya kuendesha mashine za kuchuna. Mnajua maana yake. Mashine moja inaondoa watu wengi, na anayebaki ni yule anayeiendesha. Arobaini na mmoja walikuwa wameona mlango.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye chai, mwenzako akiwa na homa au ana mimba nzito, humwachi aende kwenye mizani na kikapu nusu. Ukimaliza chako unatupa konzi mbili tatu kwenye chake, na wa nyuma yako anafanya vivyo hivyo, mpaka kinajaa. Hakuna anayeuita huo wizi. Asiyefanya hivyo ndiye anayesemwa. Basi na chumbani ikawa hivyo. Waliokuwa wepesi wakimaliza somo lao, wanaandika namba ya kazi ya mwenzao, namba ambazo sote tunazijua kwa kichwa, na wanamjazia somo lake. Watu kumi hivi walikuwa wanafundishwa na mashine ikahesabu arobaini na mmoja. Sikuona dhambi. Naandika "sikuona" kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeachia shule darasa la saba, nikiingia chumbani saa nane baada ya kuosha sufuria, na nilikuwa mwepesi.

Mama Zack aliona. Aliona kwa karibu miaka miwili na hakukohoa. Mwaka 1994, akiwa na mimba ya Zack, miguu imevimba, ni Mzee Kepher na wengine waliomjazia kikapu miezi mitatu. Angesema nini?

Mwezi wa pili 2023, Kemuma, mchunaji wa Divisheni ya Tatu, mama wa watoto watatu anaowalea peke yake, aliingia Bloki ya Saba kuchuma mboga za managu ukingoni. Bloki ilikuwa imenyunyiziwa dawa ya magugu. Ubao ulikuwepo, mkubwa, herufi nyekundu: HATARI, DAWA IMENYUNYIZWA, USIINGIE KABLA YA IJUMAA. Ilikuwa Jumatano. Alitapika, akalazwa dispensari siku mbili. Tunamshukuru Mungu alipona, na mboga alikuwa hajawapikia watoto.

Alhamisi ya wiki iliyofuata akapewa barua. Akaja nayo moja kwa moja chumbani, imekunjwa mara nne. Nilikuwa nakoroga uji nikamsikia anasema, "Nisomee, Mama Zack. Na usome polepole."

Mama Zack akasoma. Barua ilisema kwamba kwa kuwa rekodi za kampuni zinaonyesha Kemuma anajua kusoma, ngazi ya nne, basi aliona onyo na akalidharau kwa makusudi. Aje ofisini Jumatatu ajieleze kwa nini asiachishwe kazi.

"Inasema unajua kusoma," Mama Zack akamwambia.

Kemuma akacheka. Alicheka sana, halafu kicheko kikageuka. "Ni Madam aliyesema nimefaulu," akasema. "Mimi sijawahi kusema."

Mwiko wangu ulisimama kwenye sufuria. Masomo ya Kemuma niliyajaza mimi.

Kesho yake, Ijumaa, Mama Zack aliingia jikoni kwangu, akakaa kwenye gunia la mahindi, na chai niliyompa hakuigusa. Akasema, "Nikinyamaza, Kemuma anaenda nyumbani. Nikisema, nyinyi wote mnarudi herufi A."

Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia twende sote kwa afisa tumwombee Kemuma huruma.

"Huruma ya nini, na barua imesema alisoma?" akanijibu. "Mtu anayejua kusoma akaingia kwenye dawa, huyo ni mkaidi. Asiyejua kusoma ndiye wa kuhurumiwa. Sasa niambie Kemuma ni yupi."

Akainuka akatoka. Jumamosi na Jumapili alifunga kula, akaomba.

Jumatatu aliingia ofisini pamoja na Kemuma, akamweleza Bwana Kiptanui yote. Hakutaja aliyejaza za nani. Alisema tu kwamba somo lilijazwa kama kikapu, kwamba yeye aliona na akanyamaza, na kwamba kama kuna mtu wa kuandikiwa barua ni yeye. Akaomba wote arobaini na mmoja wapimwe upya, mmoja mmoja, kila mtu peke yake chumbani.

Bwana Kiptanui ameniruhusu niseme alivyojibu, ingawa haimpendezi. "Mama, unaelewa unachosema? Wageni wanakuja tarehe kumi na tano. Hema limeshaagizwa."

"Basi litumieni kwa harusi," Mama Zack akasema.

Upimaji ulichukua wiki mbili. Aliketi nje kwenye jiwe, mgongo ameupa mlango, ili asionekane wala kusikika akikohoa. Watu waliingia mmoja mmoja na kutoka mmoja mmoja, wengine baada ya dakika tano tu. Waliofaulu walikuwa kumi na mmoja. Majina, ya waliofaulu na ya walioanguka, yalisomwa asubuhi kwenye mstari wa kugawa kazi, mbele ya divisheni nzima. Sherehe ikafutwa. Wageni wakaambiwa wasije. Barua ya Kemuma ikararuliwa, akarudi kwenye chai siku hiyo hiyo, na chumbani akarudishwa somo la kwanza, picha ya kuku na herufi K.

Mtu angedhani Mama Zack alipigiwa makofi. Hapana. Wale thelathini waliona mlango unafungwa na mkono ulioufunga wanaujua. Mzee Kepher alikuwa kwenye orodha ya mafunzo ya mashine, jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Alimkuta Mama Zack kwenye mfereji, watu wamejaa na mitungi, akamwambia, "Sisi tulikujazia ulipokuwa na mimba ya Zack. Hakuna aliyekupeleka ofisini. Leo sisi ndio wa kupimwa?"

Mama Zack akajibu, "Ni kweli, Mzee. Mlinijazia." Akachukua mtungi wake akaenda. Hakujitetea siku hiyo wala nyingine yoyote.

Miezi minane watu walimpita kama mti. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili, na sisi ni watu tunaobanana. Kuna aliyemwaga mafuta ya kukamulia mlangoni. Mimi sikumpita, lakini nisijisifu. Nilimpa chai yake kwa dirisha bila neno, kwa sababu kila nilipomwona nilimwona Kemuma kitandani dispensari, na kumkasirikia yeye kulikuwa rahisi kuliko kujikasirikia mwenyewe. Mungu amenisamehe, na yeye pia, wala sikumwomba. Siku moja alirudisha kikombe akasema, "Sukari imepungua." Tukaanza tena hapo.

Chumba chenyewe kilikuwa hatarini. Wafadhili walikuwa tayari kuja kuchukua kompyuta zao. Mwezi wa tano akaja dada mmoja kutoka kwao, wa kuandika ripoti ya mwisho. Akamuuliza Mama Zack kazi yake ni nini hasa. "Napangusa," akajibu. Yule dada hakuridhika. Akakaa siku tatu kwenye pembe, akiandika. Aliandika habari ya mafuta. Aliandika habari ya viti na wakwe. Aliandika kwamba mtu akikaa dakika kumi bila kugusa skrini, msimamizi huenda kusimama nyuma yake tu, bila kusema, na mtu huyo huanza tena. Siku ya nne akampigia mkubwa wake simu mbele ya jiko langu, na nilichosikia ni sentensi moja: "Tumekuwa tukipima kitu kingine kabisa."

Kompyuta zikabaki. Sasa ukiandika namba, mashine inakupiga picha kwanza. Na Mama Zack akaweka sheria yake, ya pekee aliyowahi kuweka: kumjazia mwenzako kunaruhusiwa, ila kwa mdomo, si kwa mkono. Mwepesi akimaliza, anakaa nyuma ya mwenzake, mikono ameifunga ndani ya aproni, anamweleza mpaka aelewe. Akitoa mkono, anakoholewa. Mimi nilikaa nyuma ya Kemuma hivyo mwaka mzima, na nawaambia, kumfundisha mtu herufi bila kunyoosha kidole ni kazi kuliko kuchota maji. Ile karatasi iko ukutani mpaka leo. Hakuna aliyeiondoa.

Matokeo siyapambi. Tangu wakati huo kumi na tisa wengine wamefika ngazi ya nne, kila mmoja kwa kidole chake. Saba walihama mashine zilipofika, wakaondoka kabla ya kumaliza. Wengine walichoka tu, na siwalaumu, mtu akitoka kwenye mteremko saa nane na mgongo unamuuma, Madam akimwambia jaribu tena, inahitaji neema. Mzee Kepher hakurudi chumbani. Aliomba kitalu cha miche, akapewa, na huko anafanya vizuri. Yeye na Mama Zack wanasalimiana. Wanaulizana habari za wajukuu. Si kama zamani, lakini wanasalimiana.

Baada ya Mama Zack hakuna msimamizi atakayeajiriwa. Tumeambiwa ufunguo utakaa kwa askari wa geti, afungue saa nane na kufunga saa kumi na moja. Tumesikia. Ofisi ilimwomba aandike ripoti ya kukabidhi, kurasa mbili, ajibu swali moja: je, mashine inaweza kufundisha bila mwalimu? Alikaa nayo wiki mbili. Aliandika mistari miwili, na Bwana Kiptanui ameibandika juu ya meza yake. Inasema hivi: "Inafundisha vizuri bila mwalimu. Lakini isiachwe peke yake." Jibu kutoka ofisi kuu halijaja. Tunaomba, na tunangoja.

Kwa hivyo asante, Mama Zack. Asante kwa miaka kumi na tisa ya kikapu, kwa watoto wetu uliowaosha pua, kwa skrini ulizopangusa, na kwa Jumatatu ile ambayo sisi wengine tulikuomba usiende. Tunakuombea njia njema mpaka Londiani kwa Zack, kwenye viazi na ng'ombe wawili. Mungu ayape magoti yako nafuu, akupe asubuhi za kulala mpaka jua litoke, na watu wa kukusalimia pande zote mbili za benchi. Umechoka kwa haki. Kaa chini sasa.

Nilizunguka nikiuliza watu wa divisheni wanataka niandike nini kumhusu. Wengi walisema ni mtu mzuri, niandike hivyo. Kemuma yuko ngazi ya tatu tangu mwezi wa nane. Nilimkuta anasugua vidole mlangoni, anaingia.

"Andika kwamba alinirudisha herufi K mbele ya watu wote," akasema. "Na bado naenda."

Nelvine Chepngeno
Jikoni, Chekechea ya Divisheni ya Tatu